Waya Uliokwenda Ukweni

Siku niliyochoka ilikuwa siku ya kikao cha kamati, na sikulia wala sikupiga kelele. Nilikwenda mpaka kwenye meza ya meneja, nikakichukua kile kitambaa cha kufuma kilichofunika mashine ya kujumlisha, kitambaa cheupe chenye maua ya waridi kwenye pembe, nikajipangusa nacho maziwa yaliyokuwa yamenilowesha blauzi kutoka kifuani mpaka kwenye mkanda wa sketi. Nilijipangusa taratibu, upande huu kisha upande ule. Wazee wa kamati walitazama dari. Dari ile haikuwa na kitu cha kutazamwa.

Meneja alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuwaeleza kwamba waya wa mashine umepotea mikononi mwangu.

"Tangu mama huyu ajifungue," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwombea mgonjwa, "akili yake imebaki kwenye nepi. Si kosa lake. Ni maumbile."

Kwa hiyo, kwa huruma yake isiyo na mipaka, alikuwa amependekeza nisifukuzwe. Niendelee tu kujumlisha kwa mkono mpaka kazi ya siku iishe, hata jua likizama, hadi hapo waya utakapopatikana.

Nilikirudisha kitambaa juu ya mashine, kikiwa chapachapa, nikakinyoosha ili maua yaonekane.

"Isije ikapata baridi," nikasema.

Sasa nieleze tulifikaje hapo, maana wapo watu hadi leo wanaosema nilikuwa mwanamke mkali. Nilikuwa. Lakini sikuzaliwa hivyo. Nilifundishwa, na walimu wangu walikuwa wamekaa kwenye kile kikao.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Mimi nilikuwa karani wa chama cha wakulima wa pamba pale Homa Bay, mwanamke peke yangu ofisini. Nilikuwa na cheti cha sekondari kutoka kwa masista upande wa Rangwe, na cheti hicho kilinipa haki kubwa mbili: kujumlisha uzito wa pamba yote iliyonunuliwa katika vituo vyetu, na kuchemsha chai. Kila siku vikaratasi vya mizani vilikuja kwenye magunia kama pamba yenyewe. Ratili za huyu, ratili za yule, kituo hiki, kituo kile; na jumla zote sharti ziwe tayari kabla lori halijaondoka alfajiri. Kwa kalamu na kidole, kazi hiyo ilikuwa haiishi mpaka nzi wa ziwani waanze kujazana kwenye taa.

Nyumbani, nyuma ya kilima cha Asego, nilikuwa nimeacha binti ambaye alikuwa hajaota jino. Mume wangu alikuwa mwalimu mbali, akija mwisho wa mwezi na soda na ushauri. Mtoto alibaki na mama mkwe. Nikitoka kazini saa kumi, nilimkuta macho, ananyonya mpaka anasinzia titi likiwa mdomoni. Nikitoka baada ya jua kuzama, nilimkuta amelala, tumbo limejaa uji, na mimi nimejaa maziwa kama ng'ombe aliyesahauliwa malishoni. Mchana nilijifungia ghalani nyuma ya magunia, nikajikamua kwenye kikombe cha bati, nikayamwaga chini. Panya wa ghala lile walinenepa kuliko mwanangu.

Kisha ikaja mashine.

Kule upande wa Migori kulikuwa na mgodi uliofungwa, na vitu vya ofisi yake vikauzwa. Mwenyekiti wetu, mzee mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi, alikwenda na lori akarudi na viti, kabati lisilo na ufunguo, na mashine ya kujumlisha ya kuwekwa mezani, nzito kama jiwe la kusagia, yenye safu za vitufe na dirisha dogo ambamo tarakimu zilijipanga zenyewe. Ilitumia umeme. Umeme tulikuwa nao: jenereta nyuma ya ghala, iliyokuwa ikinguruma mchana ili feni ya meneja isichoke.

Niliifungua mimi. Nyuma ya mashine kulikuwa na shimo lenye meno matatu bapa ya shaba, na kibati cha maandishi kinachosema inataka umeme wa nguvu gani. Waya wake ulikuwa umezungushwa tumboni: mweusi, mnene kiasi cha kidole, mpira mzuri usio na ufa, mwisho mmoja matundu matatu bapa, mwisho wa pili plagi ya miguu mitatu ya mviringo kama ukuta wetu ulivyotaka. Sista wetu wa sayansi alitufundisha jambo hilo kwa pasi ya konventi: tazama kwanza nyuma ya chombo, halafu tazama ukutani, mwisho ndipo uutazame waya. Nilitazama, nikachomeka, ikaamka.

Swali la kwanza la kamati halikuwa kama inajumlisha sawasawa. Lilikuwa itakaa kwa nani.

"Kwangu," alisema mwenyekiti, "hakuna mke mdogo anayepanda mahindi kabla mke mkubwa hajapanda. Mungu mwenyewe hakubali. Sasa karani apate stima mezani kabla ya meneja?"

Wazee wote wakaona hatari iliyokuwa ikitunyemelea. Mashine ikapelekwa kwa meneja, ikawekwa katikati ya meza yake, na mke wake mkubwa akaifumia kitambaa. Mimi nikaruhusiwa kuingia, kubisha hodi, kuketi pembeni na kujumlisha.

Niliitumia siku moja. Ijumaa. Saa tisa na nusu nilikuwa nimemaliza vituo vyote. Nikarudia jumla mara ya pili kwa sababu sikuamini. Saa kumi nilitoka. Njiani watu waliniuliza kuna msiba gani, hawakuwa wamezoea kuniona na kivuli. Binti yangu alikuwa ameketishwa kwenye mkeka, anapigana na kijiko. Aliponiona alikitupa. Tulikaa mlangoni kwenye jua la jioni akanyonya, akiacha na kunitazama na kucheka, na kurudi tena, na mama mkwe akasema, "Leo Serikali imekukumbuka."

Jumatatu nilipobisha hodi, mashine ilikuwa pale pale chini ya maua yake ya waridi. Waya haukuwepo.

"Waya gani?" meneja aliuliza.

"Wa mashine, Bwana Meneja."

"Aa. Utatafutwa." Akageuza karatasi. "Nyaya ni nyingi duniani, nyar Suna. Usiwe na haraka."

Nyar Suna ni mimi, binti wa Suna, kwetu Migori. Ndivyo wanavyomwita mwanamke aliyeolewa mbali, ili asije akasahau kwamba ni mgeni.

Ukaanza msimu wa nyaya. Kila mwanamume aliyekuwa na uhusiano na chama kile aligundua kwamba yeye ni fundi.

Karani mkuu alileta wa kwanza, wa birika la nyumbani kwake. Matundu yake yalikuwa mawili, ya mviringo, makubwa kama macho ya bundi. Nikamwonyesha meno matatu bapa. Akaniambia nisogee. Aliusukuma kwa kiganja, kisha kwa goti, huku akiisemesha mashine: "Ingia! Ingia, wewe!" Haukuingia. Akaniambia mashine imevimba kwa sababu ya joto la ziwani.

Dereva alileta wa redio, mwembamba kama kamba ya kiatu. Huo uliingia, tatizo ni kwamba ulitoka vilevile, wenyewe, bila kuguswa.

Mwenyekiti hakutaka mambo madogo. Alirudi Migori akaja na kipande cha waya wa pampu ya mgodi, unene wa mkono wangu, akautandaza uani na kuukagua kama anavyokagua fahali mnadani: akaukanyaga, akaupinda, akaunusa, akarudi nyuma kuutazama urefu.

"Nyar Suna, shika hii. Iko na nguvu."

"Iko na nguvu, mzee. Lakini haina mdomo."

"Mdomo?"

"Pale inapoingia kwa mashine. Hata ule wa kuingia ukutani haina. Imekatwa pande zote mbili."

"Sikilizeni huyu," aliwaambia wenzake. "Anataka waya iwe na mdomo. Na sisi tulidhani mdomo wote amebeba yeye!"

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Nami nikacheka, mshahara wangu ulipitia kwa mtu huyo.

Nilijaribu dukani. Palikuwa na mfanyabiashara Mwislamu kutoka pwani, duka lake likiwa na kila kitu kuanzia sindano hadi sufuria za harusi. Alinitandazia nyaya zote kaunta nzima.

"Huu hapa, mama. Huu utaingia."

"Hautaingia, bwana. Una matundu ya mviringo. Nataka matatu bapa."

"Ukiupaka mafuta ya nazi?"

"Hata ukiusomea dua."

"Basi mama, mashine hiyo ina kiburi," alisema bila kukasirika, akianza kuzikunja. "Agizeni Nairobi. Wapelekeeni maandishi ya kile kibati cha nyuma, na waambieni umbo la meno. Watawaletea waya wake wenyewe."

Nilimpelekea meneja maneno hayo yakiwa bado moto. Aliyasikiliza akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai niliyoichemsha mimi. Alisema wazo ni zuri, ila Nairobi watauliza ule wa kwanza ulikwenda wapi, na chama kitaonekana hakijui kutunza mali. "Jaribuni jaribuni kwanza," alisema. Wakati ule nilidhani ni mjinga. Nilimdharau bure.

Jaribio la mwisho lilikuwa la karani mkuu. Aliuchuna ule waya wa birika mpaka shaba ikabaki uchi, akaiviringisha kwenye meno ya mashine, na upande wa ukuta akazichomeka nyuzi tupu na kuzikaza kwa vijiti vya kiberiti. Nilimwambia asifanye hivyo. Nilimwambia kwa Kiswahili, kwa Kijaluo, na kwa Kiingereza cha masista. Akasema kwa binamu yake Kisumu ndivyo wanavyowasha taa. Akaamuru jenereta iwashwe.

Mashine ililia mara moja kama mbuzi aliyekanyagwa. Cheche ikaruka, feni ikasimama, taa ya ghala ikafa, na karani mkuu akaketi juu ya magunia bila kukaribishwa, nywele zikiwa zimeamka. Mashine, namshukuru Mungu wa masista, haikuungua. Ila baada ya hapo ikajulikana kwamba ni kali, na hakuna aliyeisogelea tena isipokuwa mimi nilipokwenda kupangusa vumbi.

Kalamu na kidole vikaendelea. Nzi wa ziwani wakaendelea kunisalimia.

Jioni moja nilifika nikamkuta mtoto bado yuko macho, na nilifurahi mno hata sikuvua viatu. Nikaketi, nikampa titi. Akageuza uso. Nikamgeuza. Akageuka tena, akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba, kisha akanyoosha mkono kuelekea kwa bibi yake na kile kijiko.

"Mos, mwanangu," mama mkwe aliniambia. Pole. Hakunikejeli, na hilo ndilo lililoniuma. "Ukikaa naye mchana mwili wake utakukumbuka. Mpeleke kwa mama yako Jumamosi na Jumapili, asimwone bibi wala uji. Lakini ukirudi kutoka kazini usiku hivi hivi, maziwa yatakauka. Mimi nimezaa wengi, najua."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda Suna. Mama yangu alimfunga mtoto kifuani kwangu na kanga, ngozi kwa ngozi, akatukataza kufanya kazi yoyote. Hadi Jumapili asubuhi mtoto alikuwa ameanza kunyonya tena, kwanza kwa hasira, halafu kwa njaa. Mimi nilikuwa nimelala chali nikitazama nyasi za paa, kichwa hakina ratili hata moja.

Mama, ili kunichangamsha, akanisimulia habari za kijiji. Habari kubwa ilikuwa ng'ombe wa mahari walioletwa nyumba ya pili na bwana mkubwa wa Homa Bay.

Bwana huyo nilimjua. Ofisi nzima ilijua kwamba meneja anaoa mke wa pili kutoka kwetu. Mwenyewe alikuwa ameniuliza, kabla sijaenda kujifungua, kama watu wale ni watu wa namna gani. Nikamwambia ni watu wazuri. Namwomba binti yule msamaha.

"Watu wote wanakwenda kuwaona," mama alisema. "Mmoja ni mtamba mweusi wa ajabu. Hakuletwa na kamba ya katani kama ng'ombe wa watu. Kamba yake inang'aa!"

Nikainuka.

Kwa jirani nilipokelewa vizuri, maana mtoto wa kwetu akirudi na mtoto mgongoni hana adui. Mama wa bibi harusi alinitolea kigoda, akamsifu mtoto, akaniuliza habari za mkwewe kazini. Nikasema anaendelea na kazi zake.

"Umekuja kuona ng'ombe?"

"Nimekuja kuwasalimu, mama. Na ng'ombe pia."

Mtamba alikuwa amefungwa kwenye mti nyuma ya nyumba. Mweusi kweli, mnene, mwenye macho ya mtu asiye na shida. Shingoni alikuwa amevaa waya wa mashine yangu, umezungushwa mara mbili na kukazwa kwa fundo. Plagi ya miguu mitatu ilikuwa imekwama kwenye panda ya mti, imefanywa kigingi. Mwisho wa pili ulining'inia chini ya kidevu chake, na kila alipocheua, matundu matatu bapa yalicheza.

Nilikwenda nikaushika. Nikageuza, nikatazama matundu, nikapima kwa kucha. Sikuhitaji, lakini nilitaka niwe nimefanya hivyo. Mtamba akanilamba mkono. Labda alinusa maziwa.

"Unatafuta kupe?" mama wa nyumba aliuliza. Alikuwa ameanza kunitilia shaka. Pengine nimetumwa kuja kutathmini.

"Natazama kamba, mama. Ni nzuri."

"Si kamba hiyo, nyathina, mwanangu. Ni ya stima!" Alivuta shingo juu. "Katani ilikatika siku wanampakia kwenye lori pale ofisini kwao. Mkwe wetu akaingia ndani mwenyewe akatoka na hii. Akasema ng'ombe wa binti yetu hastahili kufungwa na majani. Watu wametoka mpaka Osiri kuja kuitazama. Haiozi, mvua haiigusi."

"Kweli haiozi." Niliuachia waya. "Mama, nikikuletea kamba mpya ya katani, ndefu, imara, unaweza kunipa hii? Inahitajika kazini."

Hakukasirika. Alinitazama kama nimeomba nimchukue binti.

"Mtoto wangu, wewe umezaliwa hapa. Hii imekuja na ng'ombe wa mahari. Leo nikitoa kamba irudi Homa Bay, kesho watu watasemaje? Watasema mahari imeanza kurudi. Na mahari ikianza kurudi, hata kwa kamba, nani atauliza ni kamba tu? Ndoa haijatimiza mwezi."

Ukweli ni kwamba alikuwa na haki. Ng'ombe wa mahari wakirudi maana yake inajulikana na kila mtu, na kijiji kile hakikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

"Na yeye mwenyewe akija kuiomba?"

Hapo alicheka mpaka akashika kiuno. "Mkwe aje kwangu adai kamba? Yule? Hata kunitazama usoni hawezi. Nikitokea njiani anaingia kwenye mtama!"

Nilimuaga mtamba na wenyeji wake, nikarudi Homa Bay.

Jumatatu nilibisha hodi. Nilikuwa na adabu nyingi siku hiyo, nilizoziokoteza njia nzima.

"Bwana Meneja, waya nimeuona."

"Wapi?"

"Shingoni."

Aliinuka akafunga mlango. Aliporudi kuketi alikuwa mtu mwingine, mdogo kidogo.

"Nyar Suna. Wewe ni mtoto wa kule. Unajua maro si mtu wa kuombwa kitu."

"Najua. Mama mkwe ni mama mkwe. Ndiyo maana sijasema ukauombe. Nunua mwingine. Agiza Nairobi, maandishi ya kibati nimeshayanakili."

"Wataniuliza wa kwanza uko wapi."

"Utawaambia."

"Nitawaambiaje?" Alipangusa paji la uso. "Kwamba meneja amefunga ng'ombe wa mahari kwa mali ya chama?"

"Mimi nisingetumia maneno mazuri hivyo."

Nilidhani, kwa muda mfupi, kwamba aibu itamfanyia kazi ambayo akili haikuifanya. Kisha akatabasamu.

"Mtoto wako hajambo? Watoto wa siku hizi wanakua vizuri sana kwa maziwa ya kopo. Mke wangu mkubwa anayasifu." Akavuta karatasi zake. "Wewe hujaona kitu. Nitalitengeneza hili jambo."

Na kweli alilitengeneza. Alilitengeneza mbele ya kamati nzima, mimi nikiwa nimesimama na sinia la chai: waya umepotezwa na karani, akili imebaki kwenye nepi, ni maumbile. Saa ilikuwa inakaribia kumi na mbili. Maziwa yalikuwa yameanza kutoka yenyewe.

Mambo ya kitambaa nimeshayasema. Baada ya hapo mwenyekiti alipata ulimi, akaacha kutazama dari.

"Mama, hii ni aibu. Mbele ya wazee!"

"Ni maziwa, mzee. Wazee wote hapa waliwahi kuyanywa."

"Kama una neno na meneja, hapa hatupokei maneno ya mdomo. Andika. Si wewe umesoma?" Akawageukia wenzake akicheka. "Aandike! Tuone hiyo sekondari."

Wakacheka. Meneja hakucheka. Yeye alikuwa anajua ninachokijua.

Niliandika usiku ule ule, binti yangu akiwa amelala mapajani. Barua za ofisi zile ziliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kina sifa moja nzuri: barua ikifika, anayeielewa huiweka kwenye faili na asiyeielewa hutikisa kichwa, mambo yakaisha. Mimi niliandika kwa Kiswahili, ili hata mlinzi wa lango aweze kumsomea mwenyekiti. Niliipeleka kwa mkono wangu. Ilisema hivi:

*Kwa Ofisa wa Ushirika wa Wilaya.*

*Nakala: Mwenyekiti na wajumbe wote wa kamati. Nakala nyingine: ubao wa matangazo, ghala la pamba.*

*Kuhusu: Waya wa mashine ya kujumlisha.*

*Bwana,*

*Mimi ni karani wa chama cha wakulima wa pamba. Nalalamika rasmi dhidi ya meneja wangu, kwa kuwa mwenyekiti ameniagiza niandike, nami ni mtumishi mtiifu.*

*Meneja ameiambia kamati kwamba nimepoteza waya wa mashine ya chama. Waya haujapotea. Uko Suna, kwenye shingo ya mtamba mweusi mwenye afya njema, ambako meneja aliufunga kwa mkono wake siku ya kupeleka mahari, lori likiwa la chama na petroli ikiwa ya chama. Ukituma mtu, atautambua hivi: upande mmoja una matundu matatu bapa, upande mwingine una plagi ya miguu mitatu ya mviringo, na katikati kuna ng'ombe.*

*Siombi waya huo urudishwe. Wenyeji wa mtamba ni watu wa heshima, hawajui kwamba walipewa mali ya wakulima, na sipendi ndoa ya mtu ivunjike kwa ajili ya hesabu. Naomba chama kiagize mwingine Nairobi. Maandishi yaliyo nyuma ya mashine nimeyaambatanisha, pamoja na picha ya meno niliyoichora mwenyewe, ili pasiwe tena na mtu wa kuleta waya wa birika. Gharama ikatwe kwa mwoaji. Naomba pia karani mkuu azuiwe kukaribia ukuta akiwa na kiberiti.*

*Naomba maneno yaliyosemwa kuhusu akili yangu na nepi yafutwe mbele ya watu wale wale waliosikia.*

*Nina mtoto anyonyaye. Nyumbani hunitarajia saa kumi, na kwa sababu ya waya huu nafika akiwa amelala, na ameanza kunisahau. Mtoto huyo hajui mkwe, wala mkubwa, wala kamati. Kwa hiyo kuanzia kesho, mpaka mashine itakapowaka, nitakuja naye kazini. Atanyonya atakapotaka kunyonya, ofisini kwa meneja, mahali mashine ilipo, iwe kuna wageni au hakuna, iwe kuna kikao au hakuna, na kamati haitakuwa na haja ya kutazama dari.*

*Aya hii ya mwisho si ombi. Nawaarifu tu.*

*Wako mtiifu,*

*Karani.*